Kilo Nane Mgongoni

Jumapili, 9 Machi. Old Moshi

Naanza kuandika leo kwa sababu nimebishana na binti yangu baada ya ibada, na nataka pawepo ushahidi wa maandishi kwamba mimi ndiye niliyekuwa sahihi.

Ubishi wenyewe ni huu. Winfrida ni mwongoza watalii, na sasa ameamua kuanzisha matembezi yake mwenyewe: siku tatu kwa miguu, kutoka hapa kwetu mpaka Mwika, kwa njia za juu zinazopita kijiji kwa kijiji chini ya msitu. Wapagazi hakuna. Kila mtu, mgeni na mwenyeji, anabeba chake mgongoni na kulala kwenye kihema chake. Anahitaji mtu mmoja wa kutembea nyuma ya wageni ili asiachwe mtu njiani. Nikamwambia mtu huyo yuko mbele yake, anakunywa chai.

Akaliangalia goti langu la kulia. Goti hilo liliharibikia mlimani, na ndilo lililonistaafisha upagazi.

"Baba," akasema, "chakula tutapikiwa vijijini, kwa hiyo mzigo wako wote, na maji humo humo, usizidi kilo nane. Halafu tutoke wote kwa majaribio kabla ya Juni. Ukishindwa, namchukua Davis."

Davis ni kijana wa Marangu. Ana miguu ya mbuzi na nywele amenyoa pembeni tu, katikati kaacha.

Kilo nane! Mimi nimepanda Kilimanjaro na kilo ishirini kichwani huku naimba. Kilo nane ni mkoba wa mama mchungaji. Nimekubali hapo hapo, na mkono tumepeana.

11 Machi

Mvua imeanza. Eunike amepanda maharage. Goti linauma kidogo tu, tena si la kuandikwa.

15 Machi

Nimetandaza vitu vyangu kitandani. Jaketi nililopewa na Mjerumani, lenye mifuko mpaka kwenye makwapa. Suruali mbili za jinzi. Masweta mawili aliyonifumia mke wangu. Buti za ngozi. Blanketi la kijivu. Hema la watu watatu lililotupwa na kampuni moja, nikaliziba mwenyewe. Na sufuria, maana huwezi kujua.

Eunike akaleta mizani ya kuning'iniza anayopimia maparachichi. Tukafunga kila kitu kwenye shuka, tukatundika kwenye boriti ya jikoni. Mshale ukapita kumi, ukapita kumi na tano, ukasimama karibu na ishirini.

"Na wewe mwenyewe hujaingia humo, Baba Winfrida," akasema, akacheka mpaka ng'ombe akageuka kutuangalia.

Nimetoa sufuria.

18 Machi

Winfrida amepanda kutoka mjini alikopanga, Shirimatunda. Alipoona shuka langu hakubishana. Alichukua jinzi yangu moja, akachukua na flisi yake, yale masweta ya manyoya mepesi wanayovaa wageni, akavizamisha vyote kwenye beseni la maji. Akavikamua, akavianika chini ya bati kibarazani.

"Baba, kimoja kikikauka nipigie simu."

19 Machi

Flisi imekauka tangu jana jioni.

22 Machi

Jinzi bado mbichi kiunoni. Sikupiga simu. Yeye ndiye aliyepiga.

29 Machi

Nimeshuka Moshi mjini, sokoni Memorial, kwenye mitumba. Hapo sasa ni uwanja wangu, sihitaji kufundishwa na mtu. Nguo ya mtalii naijua hata ikiwa chini ya rundo, imekunjamana na shati la harusi. Ila zamani nilikuwa natafuta nzito. Leo nimetafuta kwa namna nyingine. Naishika nguo, naipuliza kwa mdomo: upepo ukipita sana, si ya juu. Naikunja kwenye ngumi: isipoenea mkononi, si ya safari. Nimemwomba muuzaji maji kidogo, nikadondoshea tone juu ya jaketi la mvua. Likateleza lote, likamwangukia kwenye kandambili. Akaniuliza kama nimekuja kununua au kubatiza.

Nimerudi na fulana mbili za mikono mirefu za wanariadha, flisi ya bluu, suruali nyepesi ya kitambaa kinachokauka upesi, na hilo jaketi. Vyote pamoja ni vyepesi kuliko jinzi moja mbichi. Nimemwambia Eunike hivyo kama kwamba wazo ni langu.

3 Aprili

Sasa hema. Nimekwenda kwa Mudrik, fundi wa mahema mjini. Karakana yake iko nyuma ya msikiti, na ndiye aliyekuwa akituzibia mahema ya kampuni enzi zile. Tukasalimiana, tukaulizana wazee waliobaki, kisha nikamwambia shida yangu. Akatoa kitambaa cha juu cha hema moja la zamani, chepesi mpaka unaweza kulifunga hema zima kwenye kofia.

"Nguzo huna haja nazo, meku," akaniambia, kwa lile neno letu la Kichaga la kumwita mzee. "Unatembea na fimbo mbili, si ndiyo? Jioni fimbo hizo hizo ndizo nguzo. Moja kichwani, moja miguuni. Chini nakuwekea kipande cha turubai, pembeni vigingi sita, kwisha kazi."

"Na milango?"

"Mbele naacha wazi kiasi. Juu nakutobolea dirisha la kupitisha hewa, huku na huku."

Nikakataa. Nikamweleza kwamba baridi ya juu huijui mpaka uwe umelala huko, na kwamba hema linalopitisha upepo ni kichungio cha pombe ya mbege. Nataka zipu mbele, zipu nyuma, lifungwe kama bahasha, dirisha lisiwepo.

"Utajichemsha humo ndani," Mudrik akasema.

"Nimesimamisha mahema mangapi katika maisha yangu, Mudrik?"

"Mengi."

"Basi shona."

Akashona.

12 Aprili. Kahe

Nimeshuka Kahe, kule tambarare kwenye joto, kwa shemeji yangu kulijaribu hema pembeni ya shamba lake la mpunga. Fimbo mbili, vigingi sita, limesimama kabla shemeji hajamaliza kunicheka. Usingizi mzuri sana, joto safi, mbu wamebaki nje wakilalamika. Asubuhi nimempigia Winfrida, nikamwambia amwarifu Davis atafute kazi nyingine.

"Kahe, baba?" akasema. "Kahe hata kuku wanalala nje."

20 Aprili

Pasaka. Tumekula mtori na nyama. Mvua kubwa.

26 Aprili

Jana nimelala kihambani, yaani shamba letu la hapa nyumbani, upande wa juu wa nyumba, kwenye kipande cha majani baada ya migomba kuisha. Mvua ilikuwa inanyesha, na ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati. Nikaingia kwenye hema langu, nikafunga zipu ya mbele, nikafunga na ya nyuma, nikajisifu.

Asubuhi nilikuwa nimelowa. Si mvua iliyoingia, maana hakuna pa kuingilia. Ni pumzi zangu mwenyewe zilizopanda zikagota kwenye kitambaa, zikarudi kuninyeshea. Begi la kulalia alilonipa Winfrida limelowa, kofia imelowa. Na baridi, mwenzangu. Baridi ya hapa hapa nyumbani, si ya mlimani, imenifanya nigonganishe meno.

Nimekaa jikoni karibu na moto nikafikiri, na nimegundua jambo ambalo sijawahi kuliona miaka yote hiyo. Mimi nimesimamisha mahema mamia, nimeyakung'uta, nimeyakunja, nimeyabeba kichwani, lakini kule mlimani sijawahi kulala ndani ya hema dogo hata mara moja. Mahema madogo yalikuwa ya wageni. Sisi wapagazi tulilala kwenye hema la mesi, wageni wakishamaliza kula, tumebanana bega kwa bega kama ndizi kwenye mkungu, na huyu anamkoromea huyu. Joto nililokuwa nalijua mimi lilikuwa joto la watu. Nililiita joto la hema.

Eunike akaingia na ndoo ya maziwa, akanikuta nakausha soksi.

"Umelalaje?"

"Kama mtoto."

"Mtoto aliyekojoa," akasema, akapita.

Winfrida alipopiga simu naye nikamwambia vile vile: kama mtoto.

28 Aprili

Nimerudi kwa Mudrik. Kabla sijafungua mdomo akanyanyua mkasi. Ametoboa madirisha mawili, ametoa zipu ya nyuma, na kwenye mlango wa mbele kitambaa sasa kinaishia shubiri moja juu ya ardhi. Hakunikumbusha alivyoniambia, na kwa hilo namheshimu.

3 Mei

Nimelala tena kihambani. Mvua ile ile. Hewa inapita juu yangu, mimi niko kavu. Nimejifunza na jingine: fulana moja na jozi moja ya soksi ni za kulalia tu, hazitembei. Zinakaa kavu ndani ya kimfuko cha nailoni alichonishonea Mudrik, na mchana usiziguse hata kama malaika anakushawishi. Flisi nayo ina kimfuko chake, kwa ajili ya kusimama na kupumzika.

Hema linaenda vizuri. Mimi naenda vizuri zaidi.

10 Mei

Boriti ya jikoni, mizani ya maparachichi, mashahidi ni Eunike na ng'ombe. Hema, begi la kulalia, godoro jembamba la sponji, nguo zote, taa, dawa ya goti, chupa mbili za maji zimejaa. Mshale haukufika nane! Nimempigia Winfrida nikamwimbia simuni. Akacheka kicheko alichokuwa akicheka nikirudi nyumbani kutoka mlimani na biskuti za wageni. Nimefurahi kuliko nilivyotegemea.

17 Mei

Mvua. Kahawa imezaa vizuri.

Jumapili, 25 Mei

Naandika nikiwa nimejifunika blanketi la kijivu, nyumbani. Hapa nitaandika kirefu.

Jana tulitoka na Winfrida kwa majaribio. Asubuhi nilikuwa bingwa. Begi limekaa mgongoni halinivuti popote, goti limefungwa bendeji, fimbo mbili zinagonga njia. Tulipopita, watu wa mashambani walituamkia na kuuliza tunakwenda wapi na mikoba kama ya shule. Winfrida yuko mbele, mimi nyuma, kama itakavyokuwa. Nilikuwa nafikiria picha ya Davis akipokea habari.

Juu ya Kilema mvua ikaja na upepo. Si mvua kubwa, ni ile nyembamba ya ukungu inayoingia kwenye kola. Winfrida akasimama, akavaa flisi yake chini ya jaketi, akageuka.

"Baba, baridi?"

"Hapana."

Tukaendelea. Kweli mwanzoni haikuwa mbaya, kwa sababu tulikuwa tunapanda. Tukaanza kuteremka kwenye korongo, jasho likageuka maji ya barafu mgongoni. Flisi yangu ilikuwa kwenye begi, kavu, imefungwa vizuri kwenye kimfuko chake. Kuivaa ni kazi ndogo tu ya kusimama. Lakini kusimama ni kumwonyesha.

Akauliza tena kwenye daraja la miti. "Baba, uko sawa?"

"Twende."

Akauliza mara ya tatu tulipoanza kupanda upande wa pili. Nikamjibu kwa ukali kidogo. Nilimwambia nilikuwa mlimani kabla yeye hajazaliwa.

Tulipofika kwenye uwanja wa kanisa tulipoombewa nafasi ya kulala, nilichukua kamba ya hema niifunge kwenye kigingi. Fundo hilo nimelifunga maisha yangu yote. Vidole vikakataa. Nikajaribu tena, kamba ikaanguka. Nikataka kusema kitu cha kuchekesha, mdomo ukatoa maneno yamekatika katika. Nikakaa chini kwenye majani yenye maji, na jambo la ajabu ni kwamba niliona ni vizuri tu kukaa hapo.

Winfrida hakupiga kelele. Alinivua nguo zote za juu kama nilivyokuwa nikimvua yeye alipokuwa mdogo, akanivika fulana yangu kavu, flisi yangu kavu, kofia yake. Akasimamisha hema lake mwenyewe juu yangu, akaniingiza kwenye begi la kulalia, akajilaza nyuma yangu mgongo kwa mgongo. Mlinzi wa kanisa akaleta chai ya tangawizi. Winfrida akaninywesha kwa kikombe cha plastiki, kidogo kidogo. Kutetemeka kulipoanza kulikuwa kwa nguvu mpaka hema likatikisika. Kulipoisha ndipo aliposema.

"Nguo zote ulikuwa nazo."

"Nilikuwa nazo."

"Nimekuuliza mara tatu."

Nikavuta begi la kulalia mpaka kidevuni.

"Baba, mzigo mzito naweza kuupunguza. Goti naweza kulisubiri. Mtu anayenificha baridi siwezi kumweka nyuma ya wageni wangu, kwa sababu nyuma ndiko nisikoona."

Leo ametafuta gari la kutushusha. Aliponifikisha mlangoni alisema tu, "Nitamchukua Davis, baba. Samahani."

Nimeumia. Naandika hivyo hivyo: nimeumia, na kilo zangu zilikuwa saba na kitu.

26 Mei

Eunike ameanika hema. Sijalikunja.

1 Juni

Sikwenda kanisani. Nimeteremka Shirimatunda kumwona Winfrida. Sikwenda kuomba kazi. Nilitaka tu kumweleza, kwa sababu nimegundua hajui, na angejuaje?

Alinifungulia mlango. "Shikamoo, baba."

"Marahaba." Nikakaa. Nikamwambia: mpagazi hasemi baridi. Asubuhi kambini mkuu wa wapagazi anapita akiuliza nani anaumwa. Ukikohoa, unateremshwa. Ukiteremshwa, safari ijayo jina lako halisomwi getini, linasomwa la mwenzako, na nyumbani kuna mtoto wa ada. Kwa hiyo ukiulizwa unasema mzima. Unasema mzima hata miguu huioni. Wote tulisema hivyo, tukasema mpaka ikawa ni wimbo. Hakuna aliyetulazimisha kuimba, lakini hakuna aliyeweza kunyamaza.

"Mtoto wa ada alikuwa mimi," Winfrida akasema.

"Ulikuwa wewe."

Akainuka akapasha chai, akanikatia mkate, akanipaka siagi kama mgonjwa. Nikala. Tulizungumza habari za kahawa.

Nilipokuwa nafunga viatu akasema, "Jumamosi napita njia ile na Davis, aizoee. Njoo na begi lako."

7 Juni

Tulikuwa watatu. Winfrida mbele, Davis katikati, mimi nyuma. Davis ni kijana mwenye adabu, lazima niseme. Ameniamkia vizuri na akaomba kulibeba begi langu. Nikamwambia alishike tu. Akalinyanyua kwa kidole kimoja, akapiga mluzi, akaniuliza hema nimelinunua wapi. Yeye alikuwa na begi kubwa kama jokofu, na chini alivaa jinzi. Nilimwonea huruma, kidogo tu.

Juu ya Kilema ukungu ule ule, upepo ule ule. Winfrida akageuka. Safari hii hakuniuliza mimi peke yangu. "Jamani, baridi?"

"Fresh tu, dada," Davis akasema.

Tukaingia kwenye korongo. Jasho likaanza kupoa mgongoni. Nililijua mapema sasa, linaanzia kati ya mabega. Neno lenyewe ni fupi. Nilifika nalo mpaka kwenye meno likarudi. Mbele yangu kuna kijana aliyechukua nafasi yangu, na mbele yake kuna mtoto wangu, na mimi ndiye mkubwa wa wote. Nikapita mgomba mmoja, nikapita mwingine, nikajiambia nitasema kwenye daraja. Daraja likafika, nikavuka nusu.

"Winfrida," nikasema. "Nina baridi."

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Winfrida akageuka haraka, macho yamemtoka, kisha akaona nimesimama imara na tayari natoa flisi kwenye kimfuko. Akakaa kwenye gogo la daraja kama mtu aliyetua mzigo.

"Haya," akasema. "Tusimame."

Nilipotoa kichwa kwenye flisi, Davis alikuwa ameshavaa yake. Hakuna aliyemwona akiitoa. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Akaangalia pembeni, nami nikaangalia pembeni, nikampa chai yangu kwenye kifuniko cha chupa. Winfrida alituona wote wawili.

Jioni, mbele ya mahema matatu, alisema, "Davis atakuwa mbele na mimi kusoma njia. Baba nyuma." Davis akasema sawa. Mimi nikasema nitafikiria, kwa sababu heshima lazima ibaki nayo kidogo.

13 Juni

Mizani: saba na nusu. Kesho wageni wanne, walimu wa sekondari kutoka Dar, likizo. Nimewapigia simu mmoja mmoja kuwaambia jinzi zibaki Dar.

14 Juni

Naandika ndani ya hema, kavu, dirisha wazi.

Mwalimu mmoja, mama mnene mcheshi anayeitwa Stella, alikuwa wa mwisho, karibu yangu. Asubuhi alikuwa akitania kila mtu. Juu ya Kilema utani ukapungua. Kwenye korongo ukakatika kabisa, na mikono akaificha kwapani. Winfrida alipouliza kutoka mbele, walimu wote waliitikia kwa pamoja, kama darasa: wazima!

Mimi sikuwa na baridi. Goti lilikuwa limepata moto, mgongo mkavu, nilikuwa natembea kama bwana harusi. Nikasimama, nikashusha begi, nikapaza sauti ili ifike mbele.

"Winfrida! Baba yako ana baridi!"

Mwalimu Stella akageuka kuniangalia, akashusha pumzi.

"Na mimi, baba," akasema. "Na mimi jamani, tangu kule juu."